Koo Mwenye Ndevu

"Kuku kwa kuku!" Pelagia alifoka. "Balozi, umekuja kuamua au umekuja kunitania? Nikipewa kuku mwingine leo, haya niyapeleke wapi? Niyameze?"

Haya aliyoyasema yalikuwa mayai kumi na moja, na yalikuwa tumboni kwake, yamefungwa ndani ya kanga, ganda juu ya ngozi. Ndiyo sababu asubuhi ile Pelagia aligomba bila kurusha mikono, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona tangu kijiji kipimwe. Mikono yote miwili alikuwa ameikingia chini ya kanga kama mwenye mimba pevu, na hasira yote ikabidi ipitie mdomoni. Mdomo haukulemewa.

Miguuni pake alilala koo wake, yaani kuku mama, ile shingo yake tupu isiyo na manyoya imepinda upande usio wake. Mbele yake alisimama mwenye mbwa aliyemuua, Hatungimana, fundi seremala, Mrundi aliyevuka Mto Malagarasi mwaka wa sabini na mbili akiwa na msumeno, randa na shati alilolivaa. Mbwa mwenyewe alikuwa amefungwa kamba kwenye mgomba, analamba midomo bila aibu.

"Jina lako linasema anayefuga ni Mungu," Pelagia alimwambia. "Kweli kabisa. Mungu anafuga, mbwa wako anachinja."

Watu wakacheka. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, hakuna aliyehitaji mkalimani. Hatungimana peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama njuga ya mti iliyoning'inia shingoni mwa mbwa.

Kosa lilikuwa kwenye njuga hiyo. Wawindaji wa kwetu humvalisha mbwa njuga ili porini wasikie alipo, na wakipita penye nyumba za watu huijaza majani isipige kelele alfajiri. Ni adabu. Hatungimana alikuwa ameijaza majani vizuri, akasimama njiani kumsalimu mtu, akageuka, mbwa hayupo. Zamani, nyumba zilipokuwa mbalimbali kila moja ndani ya migomba yake, adabu hiyo haikumdhuru mtu. Lakini baada ya operesheni ya kuhamia vijijini tulipangwa kwenye mistari kama viazi, jiko la huyu linapumua kwenye mlango wa yule. Mbwa bubu aliingia jikoni kwa Pelagia hatua kumi kutoka barabarani, na koo, ambaye angesikia njuga akaruka darini, hakusikia kitu. Alikufa juu ya mayai yake.

"Nitakwenda Kibondo kumnunulia mwingine," Hatungimana alisema. "Huko ugonjwa wa mdondo haujafika."

"Nani kakuambia nataka mwingine?"

Sasa, Pelagia alikuwa mlalamikaji, hilo halifichwi. Alikwisha kulalamika kwa katibu tarafa kwamba kamba ya kupimia viwanja ilivutwa kulia. Alikwisha kumlalamikia padre kwamba mahubiri yake yanaunguza maharage ya watu majumbani. Mtu akizoea kulia kila siku, siku ya msiba hapati wa kumpa pole, na asubuhi ile nusu ya waliosimama pale walidhani ni Pelagia yuleyule na maneno yaleyale.

Haikuwa hivyo. Siku Pelagia alipotoka kwao upande wa Kibondo kuja kuolewa Kasulu, mama yake alimpa kitu kimoja cha kubeba: kuku wa kishingo, wale wa shingo tupu, ndani ya kikapu. Alimbeba kichwani njia nzima. Kuku huyo akazaa, wazao wake wakazaa, na kila kishingo aliyewahi kuchakura uwanjani kwa Pelagia alitoka ndani ya kikapu kile. Mama akafa. Mume akafa. Halafu ikaja operesheni, lori likasimama mlangoni, wakaambiwa wapakie. Kaburi haliwezi kupakiwa kwenye lori. Kuku anaweza. Pelagia aliwapakia kuku kabla ya vyungu.

Mwaka wa kesi hii, sabini na sita, mdondo ukapita kijijini. Kuku walikuwa wakilala wima, wakipinda shingo, asubuhi unafagia. Ulifagia kijiji kizima, ukabakiza kwa Pelagia koo mmoja na jogoo mmoja, na jogoo naye akafa baada ya kumwachia koo mayai hayo kumi na moja. Koo alikuwa ameyaatamia wiki moja. Kijijini kote hapakubaki kuku mwingine wa kuyapokea. Mayai hayo yakipoa, kikapu cha mama kimefika mwisho.

"Yanapoa wakati tunaongea," Pelagia alisema, na safari hii sauti ilimshuka. Waliokuwa wakicheka wakaacha.

Balozi wa nyumba kumi, Sylvesta, alikuwa mtu mpole aliyependa kesi ziishe kabla uji haujaganda. Alikuna kidevu. "Kwa desturi," alisema, "ukimvunja mtu mguu, unamlimia shamba mpaka apone. Sivyo?"

"Ndivyo," wakajibu.

"Huyu hatapona. Lakini kazi yake imebaki. Basi aliyeua koo ndiye aatamie."

Alisema nusu ya utani, apate kuwatawanya watu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwamvua, mke wa mwenye duka, ilibidi ashike ukuta. "Fundi! Utataga pia, au utaatamia tu?"

Hatungimana alivua kofia. "Nitaatamia," alisema.

Kicheko kikakatika katikati. Watu walimtazama usoni wakitafuta mzaha, wasiuone.

"Utaatamia vipi, wewe mtu mzima?" Pelagia aliuliza.

"Sijui, Mama Esteri. Niambie wewe."

Pelagia alinyamaza, na kunyamaza kwa Pelagia ni habari ya kupelekwa redioni. Alikuwa amekumbuka hospitali ya Kabanga. Esteri, binti yake, ambaye sasa yuko darasa la nne na anabishana kama wakili, alizaliwa njiti pale hospitalini, mdogo wa kutosha kulala kwenye kiganja. Wakunga walimlaza ndani ya sanduku la mbao, wakamzungushia chupa za maji moto zilizofungwa flana, na chupa zilipopoa wakazibadili, usiku na mchana, mpaka mtoto akapata unene wa kuitwa mtoto. Pelagia alikaa kando ya sanduku lile majuma mengi. Kila mbao aliijua.

"Una mbao kavu?" alimuuliza fundi.

"Ninazo."

"Lete. Na debe."

Hivyo ndivyo sanduku lilivyopatikana. Kabla jua halijafika utosini, Hatungimana alikuwa amelipiga misumari: kubwa la kutosha kulaza mbuzi, debe la mafuta lililosafishwa limesimama katikati, na kuzunguka debe kiota cha majani makavu ya migomba. Debe lilijazwa maji moto. Kifuniko kilikuwa na matundu, juu yake blanketi la Pelagia mwenyewe, lile moja alilokuwa nalo, na ilikuwa kiangazi, wakati ambapo alfajiri ya Kasulu inauma vidole. Muda wote huo mayai yalikuwa bado tumboni kwake. Aliyatoa moja moja. Kila moja, alifumba jicho akaligusisha kwenye kope kabla ya kuliweka, kama mama yake alivyokuwa akipima yai lililo chini ya koo. Kope haidanganyi. Kidole kimezoea sufuria, kope haijazoea kitu.

"Hivi," alisema. "Liwe la uvuguvugu kama shavu la mtoto aliyelala. Likikuuma, ni moto. Usipolisikia, ni baridi. Na uyageuze. Umewahi kumtazama kuku akiatamia, wewe?"

"Sijawahi kumtazama hasa."

"Huyageuza kwa mdomo, kama mtu anayegeuza viazi majivuni. Upande huu nimeweka alama ya mkaa. Asubuhi mkaa juu, jioni mkaa chini."

Sanduku lilikaa jikoni kwa Pelagia, kibanda cha nyuma chenye moto, na mlango ukawa wazi mchana kutwa ili ndimi za watu zikose pa kuingilia. Mchana Pelagia yuko shambani, fundi anaatamia. Jioni fundi anakwenda kwake, Pelagia analala kando ya sanduku. Mbwa akapelekwa kwa wawindaji wa mbali, asirudi.

Ndimi zilipata pa kuingilia vilevile. Wanaume waliokwenda kilabuni walipinda njia makusudi ili wapite pale wamsalimu kwa Kiha. "Mwakeye, koo! Leo umekula mchwa wangapi?" Mwamvua, ambaye uani kwake kulipakana na jiko, alikuwa akichungulia juu ya ua kila akianika nguo. "Jamani, nimeona kuku wa kila namna, koo mwenye ndevu sijamwona! Fundi, mtu akikusogelea unamdonoa?"

"Nakudonoa wewe ukiendelea kufungua mdomo, upepo unaingia," Hatungimana alijibu, na Mwamvua akafurahi siku nzima kwamba bubu amesema.

Furaha hiyo haikudumu: siku ya tatu fundi alifanya kosa. Maji ya debe yalikuwa yamepoa, yeye akayamwaga yote, akajaza yaliyochemka sasa hivi, akafunika, akatoka kupasua kuni. Aliporudi akaligusisha yai la karibu kwenye kope. Liliunguza. Mayai manne yaliyokuwa yameegemea debe yalikuwa yameanza kuiva kama ya kwenda nayo safari.

Pelagia alirudi na jembe begani, akamkuta amekaa sakafuni, yale manne mapajani. Hakuuliza. Aliyachukua, akalivunja moja uwanjani, akaona kilichokuwa ndani, akafukia yote manne nyuma ya jiko. Fundi alingoja matusi. Matusi yangemsaidia.

"Mama Esteri, nitukane."

"Nikikutukana utapata nafuu," Pelagia alisema. "Chota jagi moja, weka jagi moja. Usibadili maji yote. Kesho uje mapema."

Lakini usiku ule hakuamini tena. Saba yaliyobaki aliyageuza kama mtu anayepanga mawe. Pengine nayo yalikuwa yameshakufa siku ileile tumboni kwake, wakati akigombana. Pengine alikuwa anayapashia joto mayai viza na kijiji kinamcheka. Kulipopambazuka alitaka kujua, hata kama kujua kungemuua.

Mlango wa jiko ulikuwa na tundu la fundo la mti, na asubuhi jua hulipiga tundu hilo moja kwa moja. Fundi alipofika, Pelagia alimwambia afunge mlango, na kama Mwamvua ana neno aliseme. Giza likawa giza, isipokuwa mwale mmoja mwembamba uliosimama ndani kama fimbo ya dhahabu. Pelagia akachukua yai, akalifumbata kwenye ngumi libaki kichwa tu, akalileta kwenye tundu.

Yai likawaka.

Liliwaka jekundu, jekundu la kiganja ukikikinga na taa. Na ndani ya wekundu ule kulikuwa na mizizi. Mizizi myembamba kuliko uzi wa buibui, imetawanyika kila upande kutoka kwenye doa moja, kama mto na vijito vyake ukiutazama kutoka juu ya kilima. Kwenye doa, nukta nyeusi. Pelagia alidhani ni uchafu wa ganda, akalifuta kwa kidole gumba. Nukta ikasogea. Ikasogea tena, yenyewe, kama mtu anayegeuka kitandani kwa sababu amefunuliwa shuka.

"Ni jicho," Hatungimana alisema kwa sauti ya chini.

Mizizi ilikuwa inapwita. Ukitulia uliiona: inajaa, inanywea, inajaa. Pelagia alikuwa amekula mayai maisha yake yote. Alikuwa ameyakaanga, ameyachemsha, ameyauza, ameyavunja kwa hasira, na hakuna siku aliyowahi kufikiri kwamba wakati yeye anabishana bei kuna mtu mle ndani anajijenga mwenyewe gizani, mshipa kwa mshipa, bila kuonyeshwa, bila kuuliza njia. Debe la mafuta na majani ya migomba havikumfundisha. Yeye Pelagia hakumfundisha. Alitaka kusema kitu, na mara ya kwanza maishani hakupata cha kulalamikia.

Walitazama moja baada ya moja, wakibadilishana kwenye tundu. Moja lilikuwa na kivuli tupu, halina mshipa, wakaliweka kando. Sita yalikuwa na watu ndani.

"Imana," fundi alisema, ndilo jina la Mungu kwao na kwetu, akakaa chini.

Tangu siku ile Hatungimana aliatamia namna nyingine. Hakuwa tena mtu anayelipa kesi. Alileta kazi zake za mkono jikoni, miguu ya viti na mipini ya majembe, akichonga kwa kisu ili asipige kelele ya nyundo. Na alianza kuimba. Si kuimba kwa kanisani. Alikuwa anaguna wimbo wa kubembelezea mtoto, polepole, hora, hora, yaani tulia, tulia, maneno machache yaleyale, mdomo umekaribia matundu ya sanduku. Mwamvua alisikia juu ya ua, akajiandaa kutania, halafu akaushusha mkono uliokuwa na nguo, hakutania. Kila mtu alijua fundi alivuka mto peke yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa amewaacha wangapi.

Jioni moja Mwamvua alimwambia Pelagia, "Shoga, jambo moja unalijua? Kwa desturi yenu ya kulagiza, mayai ya huyu yakiatamiwa na kuku wa yule, mwenye kuku anapata nusu ya vifaranga. Sasa huyu fundi?"

"Huyu ana adhabu, Mama Tamimu. Mfungwa akilima shamba la jela, anapewa nusu ya mahindi?"

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza tu. Moto nao huwaka tu."

Lakini neno lilikuwa limeingia, nalo likaanza kumchakura Pelagia ndani kwa ndani. Sita. Nusu ya sita ni tatu. Na nani ajuaye watakuwa majogoo wangapi? Akitoa watatu, anaweza kubaki na majogoo matupu, na mbegu ya mama imekwisha vilevile. Alijiapiza hatatoa hata unyoya.

Wiki ya tatu ilipoelekea kwisha, Pelagia aliinua blanketi asubuhi akasikia mlio. Alitazama nyuma, juu darini, chini ya meza. Mlio ulitoka ndani ya yai. Yai zima, halina ufa, mtu yumo ndani anaita. Aliliweka sikioni. Lilinyamaza, kama mtoto anayesikia hodi. Halafu likalia tena, na la jirani yake likajibu.

Hakwenda shambani. Fundi alipofika alimkuta amepiga magoti. Mwamvua akaingia bila kuitwa, balozi Sylvesta akapita "kutazama hali ya amani," akabaki, na mlangoni wakajaa wale wanywaji pombe waliokuwa wakiuliza habari za mchwa. Ufa ukatokea kwenye ganda, mdogo, wenye umbo la nyota. Kipande kikanyanyuka kama kifuniko cha chungu kinachosukumwa na mvuke, kikashuka. Ndani ya tundu ikaonekana ncha ya mdomo, na juu yake kile kijino cheupe cha kuvunjia, ambacho kifaranga huzaliwa nacho na baadaye hukiangusha, kwa sababu kazi yake ni moja tu. Mdomo ukapumzika. Watu wazima wakapumzika nao. Ukagonga tena.

Kazi ile ilimaliza asubuhi nzima. Yai likazungukwa na ufa kama kibuyu kinachokatwa shingo, likafunguka, na kitu kilichotoka kilikuwa kibaya cha sura: kimelowa, kimekunjamana, shingo tupu nyekundu kama kidole kilichobabuka. Kilianguka kifudifudi, kikalala. Pelagia aliona shingo ile, akajishika mdomo.

"Kishingo," alisema. "Jamani, ni kishingo."

Sanduku lisilo na damu, lisilo na pumzi, lililopigwa misumari na mtu aliyekuwa akihukumiwa, limetoa kishingo. Balozi alivua kofia kama aliyeingia kanisani. Mwamvua akasema, "Subhanallah," akasema tena.

Hadi jioni walitoka watano. Wa sita aligonga, akachoka, hakutoka. Watano walikauka, wakafura, wakawa maua ya pamba yenye miguu, na Pelagia akawamwagia chenga za mtama juu ya ungo, akawaita kama wanawake wote wanavyowaita kuku tangu dunia iwe dunia. Hawakuja. Walisimama wakitazama huku na huku, wakilia.

Hatungimana, aliyekuwa amejikunyata pembeni asizibe njia, alisema, bila kufikiri, "Hora, hora."

Wote watano wakageuka. Wakakimbia kwa miguu isiyojua kukimbia, wakianguka, wakiinuka, wakavuka sakafu yote, wakajipenyeza chini ya kiganja chake, na wawili wakapanda ndani ya mkono wa shati. Walikuwa wameisikia sauti ile tangu wakiwa ndani ya ganda. Hawakuwa na mama mwingine.

Fundi hakusogea. Machozi yalimshuka yakaingia ndevuni, na hakuna mwanamume hata mmoja pale mlangoni aliyemcheka.

"Mama Esteri," balozi alisema baada ya kukohoa, "kuhusu desturi ya nusu..."

"Sitoi."

"Mimi sidai, Balozi," Hatungimana alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa."

"Umesikia?" Pelagia alimwambia balozi. "Hadai." Akawazoa vifaranga mmoja mmoja kutoka shatini, wakilia, akawatia ndani ya kikapu.

Walikua. Ilibidi fundi aje kila siku majuma ya mwanzo, maana bila sauti yake hawakukubali kula, na Pelagia alimpokea kwa uji na kwa mdomo uliofungwa. Majogoo wakawa wawili, matetea watatu. Mvua zikaja, zikaisha. Alipita mtu barabarani akisema, "Pelagia, umefanikiwa!" naye akajibu ndiyo, na neno likamkwama kama mfupa. Kama fundi angedai, angemjibu. Alikuwa na majibu ya kutosha wilaya nzima. Lakini kila walipokutana, Hatungimana alimsalimu kwa heshima, akauliza hali za kuku, akaenda zake. Mwanamke aliyezoea kugombana hajui la kumfanya mtu asiyegombana. Alilala vibaya.

Siku moja tetea mmoja akapotea. Pelagia alitafuta nyumba kwa nyumba, akiwa na maneno tayari, mpaka akafika kwenye kibanda cha useremala cha Hatungimana. Akamkuta fundi amekaa nje juani, mikono mitupu, siku ya kazi, na kitanda cha mteja kimelazwa ndani, bado hakina miguu.

"Umeacha kazi?"

Fundi akaweka kidole mdomoni, akaonyesha ndani.

Chini ya meza ya kupigia randa, kwenye lundo la maranda, tetea wa kishingo alikuwa amejibanza, manyoya yamefura, macho yamezama. Alikuwa anaatamia. Alikwisha kutaga pale siku nyingi, kimyakimya, na sasa ameketi. Pelagia alipoinama, kuku alimfuria kwa ukali.

"Nikipiga nyundo anainuka," Hatungimana alinong'ona. "Nilitaka nije nikuambie, Mama Esteri, nikaogopa kumwacha peke yake. Ukitaka kumhamisha, tumbebe na maranda yake yote, asishtuke. Mayai ni yako."

Pelagia alitia mkono chini ya kifua cha kuku, akadonolewa, akachukua moja, akaligusisha kwenye kope. Lilikuwa la uvuguvugu kama shavu la mtoto aliyelala. Alilirudisha polepole, upande uleule.

Aliinuka, akajipangusa maranda magotini.

"Usimhamishe," alisema. "Kuku huyo ni wako. Na hayo yaliyo chini yake. Ndiyo nusu yako, nimeileta imechelewa, usinihesabie riba."

"Mimi sikukudai."

"Najua hukunidai!" Pelagia alifoka, kuku akashtuka, naye akashusha sauti haraka. "Ndilo lililoniuma mwaka mzima. Sasa nisogezee hicho kigoda, na mimi nikae. Na mwenye kitanda akija, mwambie asubiri."